Starehe ya Kujilipia Kibarua

Jamani, mtu akikualika boti kwenye mifereji ya Uingereza, muulize kwanza: malango ya kupandisha na kushusha boti anafungua nani? Unafungua wewe! Pesa umetoa, na kuli ni wewe.

Boti yenyewe ni behewa linaloelea: upana mita 2 na kidogo, urefu hufika hata mita 21. Mwendo mwisho maili 4 kwa saa. Ukifika penye boti zilizofungwa ukingoni, punguza tena, la sivyo wimbi lako litang'oa vigingi vyao na kumwaga chai ya mwenye boti. Hatakutukana. Atachungulia dirishani akutazame tu, na hilo ni baya zaidi.

Kana, yaani mkono wa usukani, iko tezi, nyuma ya boti. Ukitaka kwenda kulia, sukuma kushoto. Haya, omo, yaani mbele ya boti, imekwenda kulia. Tezi nayo inafagia kushoto na kukwangua ukuta. Ukiogopa ukaweka gia huru, ndiyo umeharibu: bila propela kusukuma maji, usukani haushiki. Karibu kwenye matete.

Sasa malango, yaani vyumba vya maji vinavyofungwa mbele na nyuma. Pale Tardebigge, mfereji wa Worcester na Birmingham, yako 30 ndani ya kilomita kama 3 na nusu. Kupanda: ingiza boti, funga nyuma, zungusha hendeli ufungue vilango vya maji vya mbele, taratibu. Usiiachie hendeli ikiwa na mzigo, itajizungusha ikuvunje mkono. Kisha weka makalio kwenye boriti ya lango usukume. Halitikisiki? Maji hayajalingana, ngoja, acha kujipasua msamba.

Kushuka ndiko kwenye balaa. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha zege au mawe. Tezi ikikaa juu yake, maji yanashuka, omo inashuka nayo, tezi imebaki juu kama mbuzi kwenye kichuguu. Funga vilango vya chini upesi, kisha rudisha maji kidogo kidogo kwa vya juu. Na mwenye hendeli yuko mita 20 mbele, hasikii.

Propela ikinasa mfuko wa plastiki, zima injini, chomoa ufunguo, fungua kifuniko cha nyuma, ukate kwa kisu, mkono ndani ya maji ya barafu. Ukirudisha kifuniko kikalegea, injini ikiwaka maji yanajaa ngama, kule chini kabisa ndani ya boti. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hawakusema utarejea na ndoo.

Haya, kaza kifuniko. Bado malango 11.