Ng'ombe wa Vrede na mwaka wa mwisho wa Zuma

Kila ikitajwa Afrika Kusini ya 2017 kwenye magrupu yetu kunakuwa na kambi mbili zinarushiana maneno, na kwa mtazamo wangu zote mbili zinawaonea wale waandishi wa amaBhungane, kituo cha habari za uchunguzi. Kambi ya kwanza inasema magazeti ndo yalimng'oa rais Zuma, mashujaa, makofi tafadhali. Ya pili inasema walitumwa, walikuwa wanafanya kazi ya wazungu wenye migodi, na tena hata stori yenyewe ya akina Gupta, wafanyabiashara marafiki wa Zuma, hawakuitafuta, waliletewa diski ya barua pepe mezani wakakopi na kupesti. Hii ya mwisho ndo inanikera zaidi maana nusu yake ni kweli.

Diski waliletewa kweli, hilo hawajawahi kulificha. Kuna watu walizipata barua pepe za kampuni za akina Gupta, zaidi ya 100,000, zikafika kwa amaBhungane na wenzao wa gazeti la mtandaoni la Daily Maverick, na hao jamaa badala ya kukimbilia kuzimwaga wakakaa nazo kimya wanazisoma, huku wanahangaika waliozileta watoke kwanza nje ya nchi. Tarehe 28 Mei 2017 magazeti ya Sunday Times na City Press wakawawahi, zikaanza kutoka. Ukishawahi kukaa chumba cha habari unajua inavyouma kuwahiwa stori uliyoiatamia. Tarehe 1 Juni nao wakaanza kutoa za kwao na ndo tukapata hicho kitu kinaitwa GuptaLeaks. Kwa hiyo mtu anayesema walikuwa na haraka ya kumwangusha rais ajiulize kwa nini waliikalia bomu wakati Zuma ameshamfukuza waziri wa fedha Pravin Gordhan tangu mwisho wa Machi na randi inaporomoka, yaani muda ambao kila mtu alikuwa anatafuta fimbo.

Sasa hiyo ya kukopi na kupesti. Chukua stori moja tu, ya ng'ombe. Kuna mji mdogo jimbo la Free State unaitwa Vrede, jina maana yake amani kwa Kiafrikana, serikali ya jimbo ikaanzisha pale mradi wa maziwa, kampuni ya Estina ndo ipewe pesa na wakulima wadogo weusi wa hapo wawe na hisa. Kufikia katikati ya 2013 jimbo lilishalipa randi milioni 114. Wakulima hawakuona maziwa wala hisa, walichoona ni mizoga ya ng'ombe imetupwa karibu na mto. Na walioandika hayo mwaka huohuo 2013 ni amaBhungane haohao, miaka minne kabla ya diski! Jina lao kwa Kizulu ni wale wadudu wanaobingirisha mavi ya ng'ombe, na kwa kweli hapo walikuwa kazini hasa.

Ila 2013 walikuwa na harufu tu, ushahidi wa pesa ilikoenda hawakuwa nao. Diski ilipokuja walijua wafungue wapi. Wakaziunganisha ankara na taarifa za benki: pesa ya jimbo inaingia Estina, inatoka kwenda Falme za Kiarabu kwenye kampuni inaitwa Gateway, inaruka kwenye nyingine ya Dubai inaitwa Accurate, halafu kiasi cha randi milioni 30 kinarudi nyumbani Afrika Kusini kwenye kampuni ya akina Gupta inayoitwa Linkway, ambayo ndo iliyosimamia malipo ya harusi ya binti wa ukoo kule Sun City. Ndiyo, harusi ileile ambayo ndege ya wageni zaidi ya 200 ilitua kwenye kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof Aprili 2013. Linkway wakaziandika zile pesa kama gharama za biashara, wakaguzi wa hesabu KPMG wakapitisha, na mkuu wa KPMG wa wakati huo alikuwa mwalikwa, kala pilau (au chochote kilichopikwa). Akina Gupta siku zote wamekana kufanya kosa. Lakini ankara ni ankara.

Hiyo kazi huletewi na mtu. Barua pepe 100,000 bila mtu aliyewahi kuwaona wale ng'ombe ni takataka tupu, unaweza ukapita juu ya neno Gateway mara hamsini usijue umepita juu ya nini.

Haya, upande wa pili nao tusiufanye wa wapumbavu, maana una hoja. Zuma mwenyewe na watu wake walisema mara zote kwamba vyombo vya habari vinatumika na makundi ndani ya chama chake cha ANC na ndani ya idara za usalama, na bahati mbaya mfano upo. 2014 Sunday Times waliandika mfululizo wa stori kwamba ndani ya mamlaka ya kodi, SARS, kuna kitengo cha kihuni kinachofanya ujasusi, watu wakapoteza kazi na majina, na Aprili 2016 gazeti likaomba radhi kwamba walikosea. Watu wenye ajenda yao waliwalisha habari waandishi, nao wakala bila kunusa. Kwa hiyo mwananchi wa Durban akiona gazeti hilohilo mwaka mmoja baadaye linakuja na barua pepe zilizovuja, akasema hawa tena? mimi simlaumu. Ningekuwa yeye na mimi ningeguna.

Ila angalia kilichotokea baadaye, ambacho watu wa kambi hii hawapendi kukigusa. Tuhuma za kile kitengo zilikuwa zimesimamia ripoti ya KPMG, kazi iliyolipiwa randi milioni 23. Stori ya harusi ikawabana KPMG mpaka tarehe 15 Septemba 2017 wakubwa wanane wakaachia ngazi, na siku hiyohiyo KPMG wakajiondoa kwenye hitimisho la ripoti yao ya SARS na kuahidi kurudisha pesa. Yaani waandishi wa diski walisaidia kufukua kosa la waandishi wenzao. Mtu aliyetumwa huwa hafikishi mambo huko.

Na hilo neno kutumwa. Wakati huohuo kampuni ya uhusiano wa umma ya Uingereza, Bell Pottinger, ilikuwa inalipwa na kampuni ya akina Gupta pauni 100,000 kwa mwezi kwa ajili ya kampeni iliyosambaza hasira dhidi ya mtaji hodhi wa wazungu (yaani uchumi kushikwa na matajiri wachache wazungu), na kundi la watu likaenda kuandamana mpaka nyumbani kwa mhariri mmoja Johannesburg. Chama cha kitaaluma cha Bell Pottinger kikawafukuza Septemba 2017 na kampuni ikafa ndani ya siku chache. Sasa hapo nani alitumwa na kwa mshahara gani?

Lakini, na hii lakini naiweka kwa dhati, mtaji hodhi wenyewe haukuwa hadithi ya Bell Pottinger. Desemba 2017, wakati kila ukurasa wa mbele ni Gupta, kampuni kubwa ya fanicha ya Steinhoff, iliyoongozwa na matajiri wazungu, ikaanguka, hisa zikayeyuka ndani ya siku mbili tatu na humo kulikuwa na pensheni za watumishi wa serikali. Wizi wa vitabu vya hesabu, wachunguzi walikuja kukuta miamala hewa ya euro bilioni 6.5. Stori nzito ya onyo ilikuwa imetoka Agosti kwenye jarida la Ujerumani. Siyo kwamba waandishi wa Afrika Kusini walilala wote, ila jicho lililokuwa linaitazama Saxonwold, mtaa wa akina Gupta, usiku na mchana halikuwa linaitazama Stellenbosch, mji wa Steinhoff, hivyo. Hii doa ni la haki.

Turudi kwa kambi ya makofi sasa, ambao nao wanaudhi. Magazeti yalimng'oa? Tarehe 8 Agosti 2017, zaidi ya miezi miwili ya GuptaLeaks kila siku, bunge likapiga kura ya siri ya kutokuwa na imani. Ya siri! Hakuna wa kukuona. 177 wakataka aondoke, 198 wakamtetea, akabaki. Wabunge wengi wa ANC walisoma kila kitu tulichosoma na bado wakambakiza.

Namba ninayoirudia kila mara ni ya Nasrec, Johannesburg, Desemba 2017, ANC walipochagua kiongozi mpya wa chama. Ramaphosa, naibu wa Zuma, 2,440, Nkosazana Dlamini-Zuma, mke wa zamani wa Zuma na chaguo lake, 2,261. Tofauti 179. Maana yake wajumbe 90 wangeamka upande mwingine wa kitanda mama anashinda kwa kura moja, 2,351 kwa 2,350, na Zuma pengine anamaliza muhula wake 2019 kwa raha zake. Watu 90, hawajai hata basi mbili! Je hao 90 walibadilishwa na ankara za Dubai? Wengine labda. Ila wachambuzi wengi watakuambia walikuwa wa jimbo la Mpumalanga, wa kiongozi wa jimbo hilo David Mabuza, aliyecheza karata yake na akatoka na unaibu rais, na huyo sidhani kama alikuwa anakesha anasoma barua pepe. Ninachoweza kusema ni kwamba bila zile stori Ramaphosa asingekuwa na wimbo wa kuimba kwenye kampeni, na bila wimbo sidhani kama mchezo ungekuwa wa karibu kiasi hicho mpaka Mabuza awe na kitu cha kuuza.

Na kwamba habari zilishawishi nchi nzima nalo si kweli. 2024 chama kipya cha Zuma, MK, kilipata asilimia 14.58 taifa zima na karibu 45 KwaZulu-Natal. Hao wote wanajua kusoma.

Tarehe 14 Februari 2018, siku ya wapendanao, Zuma alikaa na watu wa SABC, shirika la utangazaji la taifa, kwenye mahojiano marefu akawa anauliza amekosa nini, anaambiwa aondoke lakini haambiwi kosa lake, na usiku akajiuzulu. Alfajiri ya siku hiyohiyo polisi wa Hawks walikuwa wameshavamia nyumba ya akina Gupta Saxonwold. Kesi iliyowapeleka ilikuwa ya Estina, wale ng'ombe wa Vrede. Novemba mwaka huohuo waendesha mashtaka wakaiondoa kesi mahakamani kwa muda, ushahidi haujakamilika, wanausubiri kutoka nje. Waliopeleka diski nao walishaondoka nchini, majina yao halisi hayajatajwa hadharani.