Mishikaki ya Ngiri

Wakwe zangu waliponiarifu kwamba wanakuja Dodoma kukaa nasi kwa wiki tatu, niliona nimepata nafasi ya kufuta aibu ya ziara iliyotangulia, ambapo nilimlaza baba mkwe, askari wa wanyamapori mstaafu, kwa ugali na dagaa. Nilikwenda kwenye bucha la nyamapori, mojawapo ya yale yaliyofunguliwa baada ya kanuni za mwaka 2020 kuruhusu biashara hiyo, nikanunua kilo mbili za mnofu wa ngiri na kudai risiti, kwa maana sikutaka kumwekea mzee yule mezani nyama ya ujangili ambayo pengine angeitambua kwa harufu na kunikamata papo hapo.

Bucha halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu na la simu yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba nyama ya porini haina mafuta, hivyo ikikaa sana motoni hukakamaa kama soli ya kiatu, na kwamba mpishi mstaarabu huiepua ndani ikiwa bado nyekundu. Niliutia mnofu ule kwenye friza kwa siku tatu, nikiamini kwamba mdudu yeyote aliyekuwamo atakufa kwa baridi, kisha nikaukata vipande vikubwa, nikavitunga mishikaki pamoja na pilipili hoho na vitunguu, na kuipitisha juu ya mkaa kwa heshima, kama mtu anayepasha noti iliyolowa.

Baba mkwe alichomoa kipande kimoja, akakikata kwa kisu, akatazama maji mekundu yakichuruzika kwenye sahani, kisha akaniuliza kwa upole, "Mkwe, huyu ukimwita si ataitika?" Bila kusubiri jibu alibeba mishikaki yake na ya mama mkwe akairudisha jikoni, na hakuiepua mpaka ilipokuwa myeusi kiasi cha kuchanganyika na mkaa. Mimi, kwa kulinda hadhi yangu, nilikula mishikaki minne vilevile ilivyokuwa, nikitafuna kwa sauti ili wasikie jinsi ilivyo laini. Mke wangu, ambaye hapendi harufu ya nyamapori, alichomoa hoho na vitunguu tu kutoka kwenye mishikaki yangu.

Baada ya chakula mzee alinieleza kwamba ngiri na nguruwe pori huweza kubeba minyoo midogo mno, iliyojikunja ndani ya misuli kama chatu aliyeshiba, ambayo hakuna jicho litakaloiona kwenye mnofu, na kwamba ukiila hai huzaliana tumboni, kisha watoto wake husafiri na kuhamia kwenye misuli yako wewe. Nilicheka. Usiku, walipolala, niliichukua simu ileile.

Ndipo nilipokutana na kisa cha familia moja iliyokusanyika katika jimbo la South Dakota, Marekani, mwaka 2022, ikala mishikaki ya nyama ya dubu. Nyama ile ilikuwa imegandishwa kwa siku 45, lakini baadhi ya minyoo ya wanyamapori huhimili baridi. Tena ilikuwa nyeusi kwa asili yake, hivyo walaji hawakutambua mapema kwamba ilikuwa mbichi. Watu sita waliugua. Nilitazama friza yangu ya siku tatu kwa huzuni, nikaendelea kusoma, na nilipofika mahali palipoandikwa kwamba wawili kati ya wagonjwa hao hawakuonja nyama kabisa, bali walikula mboga tu zilizopikwa pamoja nayo, nilimgeukia mke wangu aliyekuwa akikoroma kwa amani na hoho zake tumboni.

Sikumwambia. Dalili, kwa mujibu wa simu, zingeweza kuchukua hata wiki kadhaa kujitokeza: homa, maumivu ya misuli, na uvimbe kuzunguka macho. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi nilijikagua kope mbele ya kioo, na kila usiku nilimmulika mke wangu kwa tochi ya simu, nikiinama karibu kabisa na uso wake kuona kama pamevimba. Mara mbili aliamka akanikuta hapo. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili aliuliza kama nina deni ambalo sijamwambia.

Siku ya kumi na tano niliamka kope ya kulia imevimba, nzito na yenye maumivu. Sikupiga hata mswaki. Nilifika hospitali nikamsimulia daktari habari za ngiri, friza, South Dakota na dubu, naye akasikiliza yote, akaagiza vipimo vya damu, akanieleza kwamba nyama ya aina hiyo sharti joto la katikati yake lifike nyuzi 74 za Selsiasi, na kwamba rangi ya nyama si kipimo. Majibu ya damu yalipokuja hayakuonyesha tatizo lolote. Akainama, akaitazama kope yangu kwa muda usiozidi wa kupiga chafya. "Hii ni chokea," alisema. "Ikande kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kwa siku."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Niliwakuta wote sebuleni, nikatangaza kwa furaha kwamba sina minyoo, nina chokea tu. Baba mkwe alikohoa na kutazama dari. Mama mkwe, ambaye kwao wanaamini kwamba chokea humpata mtu mwenye tabia ya kuchungulia wenzake, aliweka kikombe cha chai chini taratibu.

"Kwani baba amekuwa akimchungulia nani?" aliuliza.

"Mimi, mama," mke wangu akajibu. "Kila usiku. Na tochi."