Onyo lisiloonekana kwenye Windows 7

Ukiwagusia vijana wa Kigoma wanaotengeneza programu kwamba kurasa za maelekezo zisomeke hata kwenye vivinjari vya zamani, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandao, wana jibu tayari: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7, mfumo endeshi wa kompyuta nyingi za zamani, tarehe 14 Januari 2020, anayeitumia leo ajilaumu mwenyewe. Jibu hilo lina uzito wake, nitalirudia. Ila linasahau kwamba ukurasa wa maelekezo ya programu si tangazo la biashara. Watu huufungua kitu kikiwa kimegoma, mara nyingi kwenye mashine yoyote iliyo karibu.

Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Firefox kwenye mashine hizo iliishia 115, ingawa Mozilla, watengenezaji wake, waliendelea kuitolea marekebisho ya usalama. Januari 2025 ikatoka Tailwind 4, zana inayopendwa mno na wajenzi wa kurasa kwa kuandikia CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ikitaka angalau Chrome 111 na Firefox 128. Hebu tulitazame pengo la Chrome. Kompyuta ya steshenari pale Mwanga, mjini Kigoma, inayochapa barua za maombi ya kazi kutwa nzima, imekosa matoleo mawili tu. Toleo la 111 lilitoka Machi 2023, miezi miwili baada ya 109. Tunapomwambia mwenye steshenari kwamba amebaki enzi za mawe, tunazungumzia miezi miwili hiyo.

Wanaodhani kinachopotea ni urembo hawajaufungua ukurasa wenyewe. Tailwind 4 iliandika rangi zake kwa mfumo wa oklch, ambao Chrome ilianza kuuelewa kwenye toleo hilo la 111. Rangi huhifadhiwa kwa jina, kisha huitwa kwa jina hilo kila inapohitajika. Chrome 109 ikiita jina na kukuta thamani isiyoielewa, mandhari ya nyuma inabaki wazi, haipakwi chochote. Nyeupe, lakini, iliachwa imeandikwa kwa namna ya zamani, kwa hiyo inafanya kazi vizuri kabisa. Basi kitufe cha bluu chenye maneno meupe kinageuka maneno meupe juu ya ukurasa mweupe. Kisanduku chekundu kinachokataza kuendesha amri kabla ya kuhifadhi nakala ya data kinakuwa aya kama aya nyingine, na msomaji mwenye haraka anaipita.

Kuna kichekesho hapa. Simu ya Android 5 iliishia Chrome 95, isiyoijua kabisa @layer, kanuni ya CSS ya kupanga mitindo kwa matabaka, ambayo Tailwind 4 hufungia ndani yake karibu mitindo yake yote. Simu hiyo hutupa kila kitu na kuonyesha maandishi meusi juu ya nyeupe, na maelekezo yanasomeka! Ya Android 6, iliyoishia 106, inaielewa @layer lakini haizielewi rangi, kwa hiyo ndiyo inayoumia. Kuelewa nusu ni kubaya kuliko kutoelewa kabisa.

Sasa upande wa pili. Maelekezo mengi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, huandikwa na watu wanaojitolea usiku baada ya kazi, na kila kivinjari kinachoongezwa ni muda uliotolewa kwenye maandishi. Waliopitia miaka ya Internet Explorer 6, ya 2001, wanakumbuka mafaili ya CSS yaliyoandikwa mara mbili kwa ajili ya kivinjari kimoja. Hakuna anayetaka kurudi huko, nami sitaki. Microsoft waliistaafisha Internet Explorer 11 Juni 2022 na iende salama. Isitoshe, Windows 7 kweli ina mashimo ya kiusalama, na kuifanya ivumilike ni kumchelewesha mtu kuihama. Hoja hii ya mwisho ingenigusa zaidi kama anayesoma ndiye mwenye mashine.

Ndiyo maana wengi hukimbilia Baseline, kipimo kinachosema kwamba uwezo fulani wa kivinjari huhesabiwa umeenea miezi 30 baada ya vivinjari vyote vikuu kuupata. Ni kipimo kizuri. Lakini tukikitumia kwa uaminifu kinawageukia wao: oklch ilikamilika Mei 2023 Firefox 113 ilipoipokea, kwa hiyo ingeenea Novemba 2025. Tailwind 4 ilitangulia kwa miezi kumi. Na Aprili 2025 toleo la 4.1 likaongeza rangi za akiba kwa vivinjari vya nyuma. Kumbe iliwezekana.

Na kwa kurasa za maelekezo inawezekana kwa bei ndogo sana, kwa sababu CSS tangu mwanzo imeundwa ili kivinjari kiruke tamko kisichoielewa thamani yake. Andika rangi ya kawaida kwanza, ya kisasa ifuate chini yake bila kupitia majina. Onyo lipewe mstari mnene pembeni na neno lenyewe "Onyo", lisitegemee rangi peke yake. Mistari ya msimbo wa programu iteleze pembeni badala ya kupanua ukurasa wote. Menyu ikae baada ya maandishi ndani ya HTML, lugha inayobeba yaliyomo kwenye ukurasa, maana Opera Mini, kivinjari cha simu, ikiwa kwenye hali yake ya kubana data hadi mwisho, haielewi gridi ya CSS, mbinu ya kupanga sehemu za ukurasa, hivyo huonyesha vitu kwa mpangilio vilivyoandikwa. Menyu iliyotangulia humlazimu msomaji kuvuka msururu wa viungo ndipo aione sentensi ya kwanza. Tena menyu hiyo isichapwe: steshenari hutoza kwa karatasi.

Kinachobaki kigumu ni kwamba waandishi wengi hawaandiki CSS kabisa, wanachukua mandhari, yaani mwonekano mzima wa kurasa, iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine. Kwao kazi ni moja: kabla ya kuichagua, waifungue kwenye Chrome 109 na kutafuta onyo liko wapi.