Doa jekundu juu ya Nyiragongo si hewa unayovuta

Moshi wa Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma huko Kongo, ukizidi kidogo, ramani ya setilaiti ya gesi ya dioksidi ya salfa yenye doa jekundu huanza kuzunguka kwenye simu za watu wa mji huo, na swali huwa lile lile: tukimbie? Ramani hizo ni kazi nzuri sana na nataka watu waendelee kuzitazama. Ninachopinga ni kuzisambaza bila saa, bila kimo na bila habari za mawingu.

Nyingi hutokana na kifaa kiitwacho TROPOMI, kilichobebwa na setilaiti ya Ulaya Sentinel-5P iliyorushwa Oktoba 2017. Hakinusi gesi. Hupokea mwanga wa jua uliogonga ardhi, hewa na mawingu ukarudi juu, kikauchambua rangi kwa rangi. Dioksidi ya salfa hula miale ya urujuanimno kati ya nanomita 312 na 326, na huacha humo alama yake ya kupanda na kushuka. Programu hutafuta alama hiyo kwa kulinganisha na mwanga uliopimwa kutoka jua lenyewe. Kikwazo ni ozoni, kwa sababu nayo hula miale hiyo hiyo. Kwetu karibu na ikweta ozoni hufika takriban Dobson 260 (Dobson ni kipimo cha wingi wa gesi angani), ilhali moshi wa siku ya kawaida waweza kuwa Dobson chache tu. Ozoni ikitolewa vibaya kidogo kwenye hesabu, inazuka salfa ambayo haipo. Kwa hiyo vidoa hafifu vilivyotawanyika mbali na mlima, visivyofuata upepo, sivihesabu kuwa gesi.

Kimo ndicho kinachopotosha wengi. Namba ya Dobson ni jumla ya gesi yote kutoka ardhini hadi juu: Dobson 1 ni gesi ambayo, ikishushwa usawa wa bahari katika nyuzi 0, ingefanya utando wa unene wa milimita 0.01. Haisemi gesi imekaa wapi. Tena miale ya urujuanimno hutawanywa na hewa kabla ya kufika chini, kwa hiyo kifaa huona vizuri gesi ya juu na kwa shida ile ya chini. Programu hulazimika kukisia kimo, kisha hufidia. Faili ya data hutoa hesabu kadhaa za moshi ule ule: moja ikichukulia kwamba gesi imelala katika kilomita ya kwanza juu ya ardhi, nyingine kwenye kilomita 7, nyingine 15. Ile ya chini hutoa namba kubwa kuliko ile ya kilomita 7. Mdomo wa Nyiragongo uko mita 3,470, na moshi wa kila siku hauelei mbali sana juu yake, yaani katikati ya makisio hayo mawili. Anayekutumia namba bila kutaja kimo kilichokisiwa hajakuambia kitu.

Halafu mawingu. Wingu likiwa juu ya moshi huuficha. Likiwa chini yake hung'aa na kuufanya uonekane mzito. Pikseli, yaani kipande kimoja cha ramani, yenye wingu zaidi ya asilimia 30, au yenye alama ya ubora (hutolewa ndani ya faili) chini ya 0.5, iachwe. Wakati wa mvua, hapa Virunga, utabaki na pikseli chache, na ramani tupu haimaanishi mlima umetulia.

Setilaiti hupita mara moja kwa siku, karibu saa saba na nusu mchana. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilitoka jioni, picha ya siku hiyo ikiwa imeshapigwa.

Na mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni? TROPOMI haipimi kabisa gesi hiyo, na pikseli yake ya kilomita 5.5 kwa 3.5 humeza mitaa mizima, wakati mazuku hujaa katika shimo dogo nyuma ya nyumba na kuua mtoto au mbuzi. Hapo kinachofaa ni kipimo cha mkononi na kibao cha onyo kwenye shimo lenyewe.

Pale ramani inapofaa kweli ni kwenye maji. Upepo wetu mara nyingi husukuma moshi kuelekea magharibi, na mvua ikipita ndani yake hushuka na asidi pamoja na floridi. Doa likilala upande wa Rusayo, huko magharibi, siku mbili tatu mfululizo, wenye matangi ya mvua wageuze bomba la bati, mvua ya kwanza imwagike nje kwanza.