Kozi ya uongozi: kabla ya cheo au baada yake?

Katika sehemu nyingi za kazi mtu hukabidhiwa watu kwanza, kisha ndipo afundishwe kuwasimamia. Fundi hodari kuliko wenzake anapewa barua ya kupanda cheo Ijumaa, Jumatatu anaongoza zamu nzima, na mwaliko wa semina ya uongozi unamfikia miezi kadhaa baadaye, akiwa ameshakosana na nusu ya walio chini yake. Wapo wanaoutetea utaratibu huu kwa hoja za maana, na wapo wanaotaka ugeuzwe, somo litangulie cheo. Naegemea upande huu wa pili, ingawa si kwa namna kampuni nyingi zinavyoutekeleza.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka somo litangulie ni madhara. Mwaka 2019 watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti kuhusu wauzaji wa kampuni za Marekani. Waligundua kwamba waliouza sana ndio waliopandishwa kuwa mameneja, lakini kadiri mtu alivyokuwa amevuma kwa mauzo yake mwenyewe, ndivyo mchango wake katika mauzo ya walio chini yake ulivyoelekea kuwa mdogo. Kuuza ni kazi moja, kumsaidia mwingine auze ni kazi nyingine kabisa.

Mimi hujiuliza zaidi nani analipa ada ya msimamizi huyu anayejifunza akiwa kitini. Wanalipa walio chini yake. Huyu anakaripiwa mbele ya wenzake, yule ananyang'anywa kazi mkononi kwa sababu bosi anaona ataifanya haraka zaidi, mwingine anaambiwa ripoti yake haifai bila kuambiwa kasoro iko wapi. Hasara hiyo haionekani kwenye bajeti ya mafunzo, kwa hiyo uongozi wa juu huamini umeokoa fedha. Naye msimamizi mwenyewe hana pa kurudi, maana kuomba ashushwe cheo ni fedheha.

Wanaotaka cheo kitangulie nao wana ushahidi wao. Kati ya 1940 na 1945 serikali ya Marekani iliendesha mpango wa kuwafunza wasimamizi wa viwanda vilivyohudumia vita. Kila somo, likiwamo lile la kuishi na wafanyakazi, lilichukua saa 10 tu, katika vipindi vya saa mbili mbili, na msimamizi alitakiwa kuleta darasani tatizo halisi kutoka kazini kwake. Baada ya vita Japani iliyachukua mafunzo hayo na kuyaendeleza. Hapa ndipo watetezi wa cheo kwanza wanaponishika: tatizo halisi utalitoa wapi kama huna unayemsimamia? Aliyefundishwa kutatua ugomvi wa wafanyakazi miaka miwili kabla ya kuukuta atakuwa na cheti, na pengine hakuna zaidi.

Tena kuna foleni. Ukiwapeleka watu wengi kozi ya uongozi na nafasi ni chache, umewaahidi jambo bila kulitamka, na wanaokosa huondoka. Mwanauchumi Gary Becker alieleza mwaka 1964 kwamba ujuzi unaofaa kila mahali humpa mwajiri sababu ndogo ya kuulipia, kwa kuwa faida yake inaweza kuvunwa na mwajiri mwingine. Uongozi kwa sehemu kubwa ni ujuzi wa aina hiyo. Hofu hii naielewa, ila naona inakuzwa, kwa sababu wafanyakazi wanaokimbia bosi mbaya nao wanaondoka na ujuzi wao.

Ninachokipendekeza kipo tayari kwenye usafiri wa anga. Rubani msaidizi haamki siku moja akawa kapteni. Kwanza anapita mafunzo ya ukapteni, kisha anarusha ndege akiwa kwenye kiti cha kapteni, rubani mkufunzi yuko pembeni, na anaweza kufeli. Anajifunza kwa kazi yenyewe, lakini abiria hawaachwi mikononi mwake peke yao.

Ofisini na kiwandani tuna kitu kinachokaribiana na hicho, nacho ni kukaimu, ila tumekiharibu. Kaimu anabebeshwa majukumu yote bila posho wala mamlaka, miezi inageuka miaka, na hakuna mtu aliyekaa naye hata mara moja kumwonyesha namna ya kumwambia mwenzake ukweli mchungu. Kukaimu kwa kujifunza kunahitaji muda unaojulikana, malipo, kikundi kidogo cha kuanzia, na kiongozi mzoefu anayekutana naye kila wiki juu ya matatizo ya wiki hiyo. Na kozi iwe katikati ya kipindi hicho, akiwa na maswali yake mwenyewe.

Muda ukiisha, waulizwe kwanza waliokuwa chini yake, kwa siri. Naye awe na haki ya kusema kazi hii si yangu, arudi kwenye ufundi wake bila kupoteza heshima, na ngazi ya mshahara ya ufundi ipande vya kutosha ili asilazimike kuongoza watu kwa sababu tu ya fedha.