Subaru ya Shemeji Ilipoanza Kuzaa Petroli

Shemeji yangu wa Nakuru hakununua Impreza ya turbo ili imfikishe kazini. Aliinunua ili aifungue. Kitu cha kwanza kung'olewa kilikuwa tangi la kiwandani, lile lililokaa kama tandiko juu ya shafti, lenye maboya mawili ya kupima mafuta, moja kila upande, ili geji isidanganyike. Shemeji akaona Wajapani wamezidisha. Akachomelewa sanduku la alumini la lita 40, likafungwa kwenye buti. Boya lilitoka katoni moja, geji ikatoka katoni nyingine. Ndani ya tangi hapakuwa na ukuta wala sponji la kuyatuliza mafuta, kwa kuwa pesa za sponji zilikwisha kwenye rimu.

Siku ya safari tulikuwa tunaenda harusini Ahero. Shangazi wa mke wangu alikaa nyuma, kwenye kiti cha mbio chenye mkanda wa kamba nne, amefungwa kama mtoto mgongoni. Alikuwa ameshika mfuko wa zawadi, na hakuna aliyeuliza una nini.

Tulipita kituo cha mafuta. Mshale wa geji ulikuwa umeegemea F, yaani fulu.

"Niongeze kidogo tu, ya heshima," Shemeji akamwambia kijana wa pampu.

Kijana akaweka. Mshale ukaanza kushuka.

"Wee! Unaweka ama unatoa?"

"Naweka, mkubwa. Si unaona pampu inasoma?"

"Na geji yangu je, haisomi?"

Ilipofika lita kumi na tano, mshale ulikuwa robo tatu. Shemeji akapiga kelele: "Wacha! Ukiendelea kuweka utanimalizia mafuta!"

Meneja akaja na chombo chao cha kupimia, akafungulia pampu mbele yetu, kipimo kikatoka sawasawa. Shemeji akalipa huku akitikisa kichwa, akisema siku hizi wezi wana mpaka vyombo. Mimi kazi yangu ni kutengeneza redio na amplifaya, mita ya kupimia umeme haikosi kwenye begi langu. Nikamwomba nipime waya wa boya kabla hatujaondoka.

"Shemeji, hili ni gari. Si redio."

Nilikuwa nimebebwa bure. Nikanyamaza.

Kutoka hapo hadi Salgaa mshale ulicheza ngoma. Akikanyaga breki nyuma ya lori, mafuta yanakimbilia mbele ya tangi na mshale unaruka. Akiingia kona, unalala. Kwa vile ulikuwa hautulii, hakuna aliyegundua kwamba kila ukituliatulia unakuwa juu zaidi ya mara iliyopita. Tulipofika Mau Summit ulikuwa unanusa F tena.

"Mnaona?" Shemeji akasema. "Injini hii ikishapata moto haili."

Shangazi akauliza kutoka nyuma: "Haili, ama inazaa?"

Swali hilo lilimpendeza Shemeji vibaya sana. Akaona ana akiba, akakanyaga mafuta. Turbo ikapiga mluzi hadi tukapita Londiani. Karibu na Kedowa mshale ukavuka F, ukagonga mwisho wa kioo ukakwama hapo. Gari likakohoa mara mbili, likazima.

Mvua ya upande wa Kericho mnaijua. Shemeji alifungua boneti akiwa amejifunika mkeka wa gari, akalaumu plagi, akahamia turbo, akafika hadi kwa waya wa kompyuta. Nilipotaja mafuta akanielekeza kwenye dashibodi kwa kidole, bila neno.

Shangazi alijifungua kamba zake nne, kazi iliyochukua muda, akashuka. "Nyinyi watoto, si mchovye?"

Tukatafuta kijiti, vyote vifupi. Shangazi akafungua mfuko wake, akatoa mwiko mpya wa ugali, mrefu, wa bibi harusi. Akautia kwenye mdomo wa tangi. Tukasikia *ko!* chini. Ukatoka mkavu hadi ncha.

Bodaboda akatuletea lita tano kwenye jerikani. Kabla ya kumimina akachungulia dashibodi. "Lakini hapa imejaa, boss."

"Mimina."

Akamimina, mshale ukashuka. Kijana akainama chini ya gari kuangalia panapovuja.

Kesho yake, Ahero, mita yangu ikaruhusiwa kusema. Boya lilikuwa la mtindo wa Marekani: tangi tupu hutoa omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), likijaa 33. Geji ilikuwa ya mtindo wa Ulaya, nayo imezoea kinyume: omu 10 ni tupu, 180 ni fulu. Kwa hiyo tangi likikauka geji inashangilia, likijaa inalia njaa. Mbaya zaidi, nusu tangi boya hutoa kama omu 100, na geji hiyo husoma hapo karibu nusu vilevile. Shemeji, ambaye miezi yote huishi kwenye nusu, hakuwahi kuona tatizo. Nilipomwambia hakuna kifaa kilichoharibika alikasirika kabisa. Alitaka kitu cha kurudishia mwenye duka.

Geji ina taa ya buluu, haingeguswa. Likabadilishwa boya, likawekwa la omu 10 hadi 180, la aina inayopanda na kushuka ndani ya bomba lenye vitundu vidogo, ili mafuta yaingie polepole na mshale usirukeruke. Fundi akachomelea kuta zenye matundu ndani ya tangi, baada ya kuliosha mpaka likaacha kunuka. Kisha tukamimina lita tano tano, nikiandika omu pembeni.

Bibi harusi alipewa leso. Mwiko ulibaki kwenye buti, ukiwa na alama za kisu za Shangazi, moja kwa kila lita tano tulizomimina. Shemeji alipomwita aone mshale umetulia nusu kamili, Shangazi alichovya kwanza, akauinua juani, akasoma alama.

"Ni kweli," akasema. "Kwa leo."