Onyo la mmea vamizi likae wapi kwenye makala ya bustani?

Watu wanaopanga makala za kufundisha wananchi bustani wana ubishi mmoja hauishi, na mi naona upande mmoja unasikilizwa vibaya. Swali lenyewe ni dogo tu. Unaandika kuhusu mmea wa maua mazuri ambao pia una historia ya kuvamia, yaani kutoka bustanini na kusambaa hadi kusonga mimea mingine, sasa onyo unaliweka wapi? Wengine wanasema makala ya bustani ibaki ya bustani, mimea vamizi ipewe makala zake pembeni, anayetaka atazisoma. Wengine wanasema hapana, onyo liingie humohumo, tena juu, kabla hujamwambia mtu achimbe shimo la kina gani. Hawa wa pili ndo wanaitwa wanoko, watu wasiopenda maua, na sio kweli, wengi wao wanayapenda kuliko sisi wote.

Wa kwanza nao wana hoja, tusiwapuuze. Mtu anayeanza bustani ana hamu lakini ana woga pia, ukimpokea na makatazo anafunga ukurasa na hapandi kitu. Alafu mmea unaosumbua huku, kule unakufa wenyewe kwa baridi, na makala ya umma inasomwa na watu wa kila mahali. Kuna na kutia chumvi: kudzu, ule mmea unaotambaa kusini mwa Marekani, ilisemwa miaka mingi umefunika mamilioni ya ekari, lakini makadirio ya idara ya misitu ya kule ni kama ekari 227,000 za misitu, sema tu unapenda kingo za barabara kwa hiyo kila anayepita anauona. Na ukiwatisha watu ovyo wataanza kung'oa kila kinachoitwa kigeni. Hapo ndo wanapoleta ile namba yao, kwamba ripoti ya IPBES ya 2023, jopo la kimataifa la bioanuwai, inasema katika mimea yote iliyohamia na kuota mizizi nje ya kwao, inayojulikana kuwa vamizi ni asilimia 6 tu. Sita kwa mia. Sasa kwa nini makala nzima ibebe hofu ya sita?

Hiyo namba nimekaa nayo sana. Ni ya kweli, lakini inajibu swali ambalo mwenye bustani haulizi. Mtu hachagui mmea kwa kufumba macho na kuchomoa mmoja kati ya mia, anachagua kwa sifa, na sifa zenyewe tunampa sisi tunaoandika. Angalia maneno tunayoyapenda: unakua haraka, unavumilia ukame, wadudu hawaugusi, hauhitaji matunzo, unajipanda wenyewe, ukikata kijiti ukachomeka kinaota, ukuta utafunikwa ndani ya msimu. Soma tena hiyo orodha taratibu. Ndo hiyohiyo mtaalamu wa mimea vamizi anaitumia kutambua mmea wa kuogopwa! Yaani kila tukimtafutia msomaji wetu mmea rahisi tunamsogeza kwenye ile sita, hata kama hatujui, na ile tisini na nne inabaki nyuma kwa sababu mingi yake haina maringo ya kuandikiwa makala. Na sita ya mimea yote hiyo sio michache, ripoti inahesabu aina 1,061.

Huo kudzu wenyewe ulifikaje kule? Ulionyeshwa Philadelphia mwaka 1876 kwenye maonyesho, mmea wa mapambo, watu wakaupanda wapate kivuli barazani. Miaka ya 1930 serikali ikaamua utazuia mmomonyoko, makumi ya mamilioni ya miche yakaoteshwa vitaluni na wakulima wakalipwa hadi dola 8 kwa ekari waupande. Alafu akaja Channing Cope, mwandishi wa gazeti na mtangazaji wa redio huko Georgia, akawa anausifia kwa wasomaji na wasikilizaji wake mpaka mwaka 1943 akaanzisha klabu ya wapenzi wa kudzu. Hakuwa mtu mbaya, aliipenda ardhi iliyochoka na alitaka ipone, alifanya kazi ileile tunayofanya sisi ya kuelimisha wananchi. Mwaka 1953 wizara ya kilimo ikauondoa kwenye orodha ya mimea ya kupendekezwa, lakini tayari ulikuwa umepandwa na watu waliofuata ushauri vizuri kabisa. Kwa hiyo ukiniambia makala ya bustani ni burudani tu na madhara ni habari ya wanasayansi, mi hapo siwezi kukubali.

Kuna jibu moja linarudi kila mara: "Mi ninao mmea huo miaka kumi na haujanisumbua." Anasema kweli kabisa na ndo maana ni gumu. Kaa karibu na uzio wa lantana, kile kichaka cha maua, asubuhi uangalie. Kichala kimoja cha maua kina rangi mbili, katikati njano na pembeni yamegeuka pinki, chini yake kuna tunda dogo la kijani, jingine jeusi linang'aa. Mwenye nyumba kaukata mstari safi, hauvuki hata kidole. Ndege anatua, anameza lile jeusi, anaruka. Mbegu itadondoka atakapotua tena, pengine kwenye mti ng'ambo ya korongo, na huko hakuna mkasi, mifugo ikila majani inaumwa, kichaka kinaziba. Bustani yenyewe imebaki nadhifu miaka yote kumi. Uzoefu wa mwenye bustani, ambao ndo tunauheshimu kuliko vyote kwenye maandishi yetu, hauwezi kuona kitu kinachotokea nje ya ua wake. Asipoambiwa na makala, ataambiwa na nani?

Reynoutria japonica, mmea wa Japani ambao Waingereza wanauita Japanese knotweed, ni hivyohivyo, mwaka 1847 ulipewa medali ya dhahabu Utrecht, Uholanzi, kama mmea wa mapambo uliovutia kuliko yote, leo inajulikana kipande cha mzizi cha gramu 0.7 kinatosha kuanzisha mpya, yaani kile kinachobaki kwenye udongo uliotupwa. Gugu maji nalo tunalijua, halina haja ya hadithi, ila lilisambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake.

Ndo maana makala ya pembeni kwangu haitoshi. Itasomwa na nani? Anayetafuta "mimea vamizi" ni yule ambaye tayari ana wasiwasi. Anayehitaji onyo anatafuta "maua ya kufunika ukuta", na kati ya hamu yake na shimo kuna dakika chache tu, mwandishi akizikosa amezikosa. Kuhusu kutisha, hapo nawapa wa kwanza haki yao: onyo la sentensi mbili tatu kwa sauti ileile ya upole, na mmea mwingine wa kuchukua nafasi yake utajwe hapohapo kwa jina, sio "tafuta mbadala". Na kwa sababu mahali hapafanani, usiandike usipande kama sheria ya dunia, mwambie aangalie orodha ya eneo lake, alafu mwachie maswali ya kuuliza kitaluni kabla hajalipa: matunda yake ndege wanakula? Mbegu zinapeperuka au zinaelea? Na kipande kikianguka kwenye udongo wenye unyevu, kinaota?